Mgeni wa kaskazi anayebeba sauti za ndege wetu

Kaskazi ikianza kuvuma, miezi ya Novemba na Desemba, hupita huku kwetu mgeni ambaye wengi hatumwoni. Ni ndege wa gramu 12 hivi, uzito wa vijiko vitatu vya chai vya sukari. Rangi yake ni ya udongo, haina pambo lolote, na kutwa hujificha vichakani akitafuta wadudu. Wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Mimi nitamwita mwigaji, na sababu mtaiona.

Mwigaji huzaliwa Ulaya, kwenye majani marefu ya mabondeni. Huko dume huimba kwa kuiga ndege wengine. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi alioufanya Ubelgiji: kila dume aliiga kwa wastani ndege wa aina 76, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika. Tena makinda hawafunzwi na baba zao, kwani madume hunyamaza mapema, kabla watoto hawajashika kitu. Masomo huyapata safarini na huku Afrika. Baadhi ya ndege wanaoigwa huishi sehemu chache tu za Afrika Mashariki, hivyo wimbo wenyewe ukawa ushahidi wa njia aliyopitia. Subhanallah, pasipoti imegongwa mihuri kooni!

Huondoka Ulaya Agosti, akapitia Mashariki ya Kati, akapumzika wiki kadhaa pande za Sudan na Ethiopia, kisha akashuka Kenya kuelekea Zambia, Msumbiji hadi Afrika Kusini. Husafiri usiku. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, katika kaunti yetu ya Taita-Taveta, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa za hoteli huwavuta ndege wa safari kwa maelfu. Tangu 1969 watafiti huwanasa hapo kwa nyavu, wakawavisha pete ndogo yenye nambari mguuni, wakawaachilia. Mwigaji ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi.

Watu humwita ndege wa Ulaya. Mimi sikubali. Kule hufika mwishoni mwa Mei na hukaa miezi mitatu hivi tu. Mwaka uliobaki yuko njiani au yuko Afrika.

Kwetu hataki makuu, ni kichaka chenye wadudu basi. Lakini mtu akiacha kichaka pembeni mwa shamba twamwita mvivu, na panga hutolewa mara moja. Mwigaji akishuka alfajiri, amechoka, ni pembe hiyo ya mvivu anayoitafuta.