Injini iliyopona Oyugis na kuugua tena Kendu Bay

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, umewahi kumkimbiza mtoto hospitalini akiwa na homa kali, na mara tu daktari anapomgusa mtoto anacheka na kuomba andazi? Unarudi nyumbani kwa aibu, na usiku ule ule homa inarudi.

Hayo ndiyo yaliyompata mzee mmoja wa Kendu Bay mwenye mashua, isipokuwa mgonjwa wake alikuwa injini.

Mashua yake si kama zile nyingi unazoziona katika Ziwa Victoria, ambazo injini yake huning'inizwa nyuma na jioni ikang'olewa na kubebwa begani hadi nyumbani. Hii ina injini ya ndani. Imefungwa kwa bolti katikati ya chombo, chini ya kifuniko cha mbao, na shafti ndefu ya chuma hupenya hadi nje ili kuizungusha propela majini. Yenyewe ni injini ya petroli yenye silinda nne, ndugu wa ile iliyo katika gari dogo la kawaida. Ndiyo sababu ilipoanza kusumbua mzee hakutafuta fundi wa meli. Aliifungua, akaipakia kwenye pikapu na kuipandisha Oyugis.

Oyugis, kwa asiyeijua, haina ziwa. Ni mji ulio kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Kisii, kilomita 20 na ushei kutoka Kendu Bay, na sifa yake ni soko na viazi vitamu vinavyotoka upande wa Kabondo. Lakini mahali ambapo malori na matatu hupita mchana na usiku hapakosi mafundi wa jua kali. Fundi anayeweza kufufua matatu iliyochoka atashindwaje na injini ya mashua? Hivyo ndivyo alivyofikiri mzee, na kwa kweli hakukosea sana.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Asubuhi injini inawaka mara moja na mashua inaondoka gatini vizuri. Baada ya kama dakika 20 injini inaanza kukohoa, au inamisi, kama wanavyosema mafundi. Chombo kizima kinatikisika, nguvu zinapungua, mwishowe kimya. Nahodha akingoja kidogo inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea, kisha baada ya muda inakohoa upya.

Safari ya kwanza ya Oyugis ilimalizika kwa plagi nne mpya. Injini iliwekwa juu ya matairi makuukuu pale gereji, ikanyweshwa maji ya kupoza kwa mpira kutoka kwenye ndoo, na ilipowashwa iliimba. Pesa zikalipwa. Kendu Bay, dakika 20, ikakohoa. Safari ya pili kabureta ilibadilishwa. Ikaimba Oyugis, ikakohoa Kendu Bay. Safari ya tatu ilikuwa ya koili na waya zote za plagi.

"Fundi, hii injini ina wivu," mzee alimwambia. "Ikiona maji inanuna."

Lakini haikuwa mzaha. Ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa tayari, na binti yake aliye katika shule ya upili alikuwa nyumbani akingoja karo. Tena kuna siku ambayo mzee hapendi kuizungumzia. Alikuwa akiwavusha watu tisa wa familia moja, watoto watatu wakiwamo, kuelekea Asembo kwa mazishi. Injini ilizimika katikati ya ghuba, wakati ule wa alasiri ambapo upepo huamka. Mashua isiyo na injini haiwezi kuyakabili mawimbi kwa uso. Hugeuka na kuyapa ubavu. Maji yalianza kuingia. Akina mama walivua leso na kuwafunga watoto viunoni mwao. Wavuvi waliokuwa wakirudi ndio waliotupa kamba na kuwavuta hadi ufuoni.

Tukitaja ajali za ziwa hili huwa tunakumbuka MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza mnamo Mei 21, 1996, au kivuko MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mnamo Septemba 20, 2018. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa, na vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Mashua ndogo haihitaji hata kujaa. Yatosha izimike mahali pabaya.

Sasa, msomaji, hebu tuketi na injini hii kidogo. Ili silinda ifanye kazi yake inahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche ya plagi inayokuja kwa wakati wake. Moja likikosekana, silinda hiyo inaruka zamu yake, na huko kuruka ndiko unakokusikia kama kikohozi.

Swali la kwanza, kabla hujanunua chochote, ni hili: je, ni silinda moja inayokosa au ni zote? Fundi mzuri huiacha injini ingurume polepole, kisha huchomoa waya wa plagi, mmoja baada ya mwingine, kwa koleo lenye mpini wa mpira. Akichomoa na mngurumo ukashuka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Akichomoa na mngurumo usibadilike hata kidogo, amempata mvivu.

Naomba usilifanye hilo kwenye mashua kama unavyolifanya kwenye gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Chini ya gari humwagika barabarani na kupeperushwa, lakini ndani ya mashua hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ile ya chini kabisa ya chombo, kama mchuzi kwenye sufuria. Waya uliochomolewa hurusha cheche. Cheche na mvuke huo vikikutana, hutahitaji tena fundi. Kifuniko hufunguliwa, hewa huachwa ipite kwa muda, mtu huinama na kunusa, na waya unaochomolewa hugusishwa kwenye chuma cha injini ili cheche isiruke hewani.

Mvivu akishapatikana, plagi yake hufunguliwa na kusomwa. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli ni nyingi kuliko hewa au cheche ni dhaifu. Iliyolowa mafuta ya injini inasema ringi au vali zimechakaa. Iliyolowa petroli inasema cheche haifiki kabisa. Nyeupe iliyobabuka inasema injini inachemka au inapata petroli kidogo mno. Na plagi ya silinda moja ikiwa safi kupita kiasi, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, basi maji yanaingia ndani, pengine kupitia gasketi iliyopasuka. Ukitaka kujua kama kosa ni la plagi yenyewe, ibadilishane mahali na jirani yake. Kikohozi kikihama nayo, umeokoa pesa.

Lakini injini ya mzee wetu haikuwa na mvivu mmoja. Ilikohoa yote kwa pamoja, tena baada ya muda. Ugonjwa wa aina hiyo hutafutwa katika vitu ambavyo silinda zote hugawana, kama koili inayotoa umeme na njia ya petroli kutoka kwenye tangi. Plagi nne haziwezi kuchoka kwa pamoja kila baada ya dakika 20 na kupata nguvu tena zikipumzika. Koili inaweza, kwa sababu ikipata joto hudhoofika na ikipoa hurudi. Kwa hivyo fundi wa Oyugis hakuwa mjinga alipoishuku koili. Tatizo ni kwamba aliishuku mara ya tatu badala ya ya kwanza.

Na kulikuwa na jambo jingine. Gari hupanda mlima, kisha hupata mteremko na kupumzika. Mashua haina mteremko. Propela husukuma maji mwanzo wa safari hadi mwisho, kwa hivyo injini yake ni kama lori linalopanda mlima siku nzima. Injini inayonguruma juu ya matairi bila mzigo wowote inaweza kuficha mengi.

Baada ya safari ya tatu kutozaa matunda, fundi, kijana bado, alikunja mikono ya ovaroli na kusema maneno ambayo mafundi wengi hawayapendi. "Jaduong', nimekuwa nikimpima mgonjwa bila kuona anakolala. Nipeleke Kendu Bay."

Mwandishi wa makala haya alikuwa gatini siku hiyo. Mashua ilifungwa kwa kamba nne, injini ikawashwa na kutiwa gia, propela ikayachapa maji huku chombo hakiendi popote. Fundi alitazama saa yake. Dakika ya 18, kikohozi.

Hakugusa plagi. Aliuchomoa mpira wa petroli kwenye tangi la mashua na kuutia kwenye mtungi wake aliokuja nao kutoka Oyugis, ambao aliuweka mbali na injini, mahali penye upepo. Injini ilinguruma dakika 40 bila kusita. Umekwishang'amua, msomaji? Kule gereji, safari zote tatu, injini ilikuwa ikinywa kwenye mtungi huo huo. Tangi halikuwahi kufika Oyugis.

Mpira ulirudishwa kwenye tangi. Ilipoanza kukohoa tena, fundi alifungua kifuniko cha tangi. Sote tulisikia: fyuuu! Hewa ilivutwa ndani kwa nguvu, na baada ya sekunde chache injini ikakaa sawa. Tangi hutakiwa kuvuta hewa kadiri petroli inavyopungua, kupitia kibomba chembamba kinachotokea nje ya ubavu wa mashua. Kikiziba, petroli hukataa kutoka, kama maji kwenye chupa uliyoiziba kwa kidole. Injini ikizimwa, hewa hupenya polepole na mambo huonekana yamekwisha. Fundi aliingiza waya kwenye kibomba na kutoa donge la udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo.

Mzee aliliweka donge kiganjani, akalitazama kwa muda. Alikuwa ameuza ng'ombe.

Kwa kuwa tulikuwa pale, fundi alichota petroli ya chini ya tangi na kuitia katika chupa ya soda. Ilipotulia, maji yalijitenga chini, kimo cha kidole kimoja. Usiku ukiwa na baridi, tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani, na petroli inayouzwa kwa mitungi nayo huja na mambo yake. Ushuru maalumu wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ulianza mwaka wa 2018 kwa sababu ya watu kuyachanganya na mafuta ya magari. Alikagua pia tundu linalovuta maji ya kupoza. Lilikuwa na mizizi ya gugumaji, mmea unaolisumbua ziwa hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tundu hilo likiziba injini huchemka, na hapo ndipo gasketi hupasuka.

Kosa moja lilikuwa la fundi mwenyewe, na alilikiri. Alipobadilisha kabureta aliweka ya gari, yenye kichujio cha karatasi. Kabureta ya mashua huvalishwa kizuia moto cha chuma, chenye nyufa nyembamba, kwa sababu injini inayomisi huweza kurudisha ulimi wa moto kinywani mwa kabureta, juu ya ile ngama niliyokueleza. Kile cha zamani kilikuwa bado gereji, chini ya meza, kikitumika kuwekea nati. Kilirudi Kendu Bay kesho yake kwa matatu, bila malipo.

Binti yuko shuleni. Kibomba kimefungwa wavu mwembamba wa waya. Nilipokuwa nikiaga, nyigu mmoja alikuwa akiuzunguka, akiugusa hapa na pale, mdomoni ana udongo.