Ngoma Isiyo na Kiingilio

Wahenga walisema, "Rahisi ghali." Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja aliitumia methali hii kudai kwamba tamasha lisilotozwa kiingilio ni mchezo wa watoto, eti kitu cha bure hakina thamani. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikukubaliana naye hata kidogo, na kwa kuwa muda haukunitosha siku hiyo, Mlezi wa Chama amenipa nafasi katika jarida hili nilete hoja yangu kwa maandishi. Shahidi wangu ni ngoma moja ya barabarani iliyo mbali na kwetu, nayo ni Kanivali ya Notting Hill katika jiji la London, Uingereza.

Kanivali ni nini?

Kanivali ni sherehe ambapo watu hujivika mavazi ya kujigeuza sura, wakaandamana barabarani wakiimba na kucheza. Hii ya Notting Hill hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Agosti, siku ya Jumapili na Jumatatu. Jumatatu hiyo ni sikukuu huko Uingereza, kwa hivyo watu hawaendi kazini. Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna kadi ya mwaliko. Ukiwa na miguu yako miwili umekwisha kuingia! Na usidhani ni watu wachache. Kwa siku hizo mbili, watu zaidi ya milioni 1 hufurika katika barabara za mtaa ule. Kumbuka kwamba Notting Hill si uwanja wa michezo. Ni mtaa wa kawaida, wenye nyumba za watu, maduka, makanisa na vituo vya mabasi.

Swali ni hili: ngoma hiyo ilifikaje pale? Hapo ndipo penye kisa.

Mtaa uliogawanyika

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Uingereza ilihitaji wafanyakazi. Mwezi wa Juni 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga katika bandari ya Tilbury ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi, kama vile Jamaika na Trinidad. Wengi wa watu wa visiwa hivyo ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Wengine wengi walifuata miaka iliyofuata. Waliendesha mabasi, wakauguza wagonjwa hospitalini, wakafanya kazi viwandani. Lakini kupata chumba cha kupanga ilikuwa taabu. Wenye nyumba wengi hawakutaka mpangaji mweusi. Notting Hill wakati huo ilikuwa mtaa wa maskini, na hapo walipata vyumba, ingawa vilikuwa vibovu na kodi yake ilikuwa ya kukamua. Majirani zao walikuwa Waingereza maskini, Waairishi, Wahispania na Wareno. Baadaye walikuja Wamoroko pia.

Mwishoni mwa Agosti 1958 mambo yaliharibika. Magenge ya vijana wa Kizungu yalianza kuwawinda watu weusi barabarani na kuzivamia nyumba zao. Chupa na mabomu ya petroli yalirushwa. Fujo hizo ziliendelea usiku baada ya usiku hadi mwanzoni mwa Septemba. Mwezi wa Mei 1959, kijana mmoja seremala kutoka kisiwa cha Antigua, Kelso Cochrane, alidungwa kisu usiku akiwa njiani kwenda nyumbani. Watu zaidi ya 1,000 walihudhuria mazishi yake. Hakuna mtu aliyepatikana na hatia ya kumuua.

Basi, msomaji, hebu fikiri. Barabara unayopitia kila siku kwenda dukani ndiyo hiyo hiyo unayoweza kuuawa ndani yake. Ungefanya nini? Ungehama? Ungelipiza kisasi?

Bi. Claudia Jones

Mmoja wa waliojiuliza maswali hayo alikuwa Bi. Claudia Jones. Alizaliwa Trinidad mwaka 1915, akalelewa Marekani, akafungwa huko kwa ajili ya siasa zake za Kikomunisti, kisha mwaka 1955 akafukuzwa nchini humo, akaja Uingereza. Mwezi wa Machi 1958 alianzisha gazeti la watu weusi, West Indian Gazette, huko Brixton, kusini mwa London. Baada ya fujo za mwaka huo, yeye na wenzake waliamua kuwaletea watu wao kitu cha kuwainua vichwa, na kitu hicho kilikuwa kanivali ya kwao.

Kanivali hiyo ya kwanza ilifanyika tarehe 30 Januari 1959. Kwa sababu ni majira ya baridi kali, ilichezwa ndani ya ukumbi wa St Pancras, na televisheni ya BBC ikaionyesha. Kulikuwa na kijitabu cha ukumbusho kilichouzwa, na sehemu ya mapato yake ilitengwa kuwasaidia vijana walionaswa katika fujo walipe faini walizotozwa. Vijana weusi na weupe pia. Soma tena hapo, ndugu msomaji. Weupe pia! Waliopigwa walichanga pesa kuwasaidia hata baadhi ya wale waliowapiga. Bi. Jones aliendelea na kanivali za ukumbini kila mwaka hadi alipofariki Desemba 1964.

Ngoma yatoka nje

Mwaka 1966 mama mwingine, Bi. Rhaune Laslett, aliitoa sherehe nje. Huyu alikuwa mtumishi wa jamii ambaye nyumba yake ilikuwa kama baraza la mtaa. Watoto walicheza hapo, na wenye shida za nyumba na sheria walikwenda kutaka ushauri. Hata bondia Muhammad Ali aliwahi kuwatembelea watoto hao mwaka huo. Bi. Laslett alitaka majirani wa mataifa yote wajuane, basi mwezi wa Septemba akaandaa sherehe ya mtaani na maandamano ya watoto.

Miongoni mwa wapigaji muziki walioalikwa alikuwa Russell Henderson wa Trinidad na wenzake, wakiwa na ngoma zao za chuma shingoni. Alipoona mambo yamepoa, akawaambia wenzake waanze kutembea huku wakipiga. Wakashika njia. Watu wa Karibi waliposikia mlio wa kwao wakatoka majumbani na kuwafuata, na majirani zao nao wakafuata. Hapo kanivali ikawa ya barabarani. Hadi leo watu hubishana nani ndiye mwanzilishi, Bi. Jones au Bi. Laslett. Kwa maoni yangu, mmoja alipanda na mwingine akatia maji.

Sanaa zenyewe

Kanivali hii ina sanaa kuu tano, nazo ni maonyesho ya mavazi (wenyewe huyaita mas), ngoma za chuma, nyimbo za kalipso, muziki wa soca, na mitambo ya muziki inayosimamishwa pembeni mwa barabara. Nitaeleza tatu tu.

Ngoma ya chuma, yaani pan, ina historia ndefu. Kule Trinidad watumwa walipoachiliwa huru miaka ya 1830 waliingia barabarani na kanivali yao wenyewe, maana ile ya mabwana wa mashamba haikuwa yao. Serikali ya Kiingereza ilizipiga marufuku ngoma za ngozi miaka ya 1880. Watu wakapiga mianzi. Baadaye wakageukia makopo na vyuma, na kufikia miaka ya 1940 mapipa ya mafuta. Fundi hukata pipa, akaponda kitako chake kwa nyundo mpaka kibonyee kama karai, akachora sehemu za sauti, akalipasha moto, kisha akapima kila sehemu kwa nyundo na sikio. Sehemu ndogo hutoa sauti nyembamba, na kubwa hutoa sauti nzito. Kumbe kazi yenyewe ni kama ya mafundi wetu wa jua kali!

Mavazi nayo hushonwa kwa miezi mingi. Kila kikundi huchagua mada yake, wakapinda waya, wakabandika manyoya na vitu vya kumetameta, kisha siku ikifika hupita mbele ya waamuzi na kupewa alama. Msomaji wa Mwambao hatashangaa. Mapema katika karne ya 20, mitaa ya Lamu na Mombasa ilishindana kwa ngoma ya beni, watu wakivaa sare na kupiga tarumbeta huku wakiandamana. Mcheza kwao hutunzwa.

Mitambo ya muziki ililetwa na mwalimu kijana, Leslie Palmer, aliyesimamia kanivali kuanzia mwaka 1973. Aliona kwamba vijana wengi wenye asili ya Jamaika waliona ngoma za Trinidad si zao. Akawaruhusu waweke spika zao kubwa kando ya njia na kupiga rege. Umati ukaongezeka maradufu. Kwa hivyo hata miongoni mwa watu weusi wenyewe ilibidi nafasi itengwe ili kila mmoja ajione yumo.

Je, bure ni bure kweli?

Sitaki kupaka mambo asali. Penye wengi pana mengi. Mwaka 1976 vijana walipambana vikali na polisi, na askari zaidi ya 100 walipelekwa hospitali. Miaka mingine watu wamedungwa visu, wengine wakafa, mwaka 2024 ukiwa mmojawapo. Baadhi ya wakazi hupigilia mbao madirishani na kuhama kwa siku hizo. Mtaa wenyewe umebadilika, na nyumba zilizokuwa za maskini sasa nyingi ni za matajiri. Kila mara husikika sauti zikisema sherehe ihamishiwe katika bustani kubwa yenye ua.

Halafu kuna pesa. Mtazamaji halipi, lakini kuna anayelipa. Polisi wapatao 7,000 huwekwa kazini kila siku ya sherehe. Takataka lazima zizolewe. Mwaka 2025 ilibidi halmashauri mbili za mitaa na serikali ya jiji zitoe karibu pauni milioni 1 za ziada kwa ajili ya usalama wa umati. Na nani ataihesabu jasho la wale wanaoshona usiku kucha bila mshahara?

Ndiyo sababu nasema bure haina maana ya kutokuwa na thamani. Wangeweka ua na tiketi, wangepata pesa, lakini wangepoteza kiini chake. Kiini chake ni kwamba wale waliofukuzwa barabarani mwaka 1958 waliirudi barabara ile ile, na walipoirudi hawakumfungia mtu mlango, hata jirani aliyewachukia. Kanivali haikuleta haki kwa Kelso Cochrane, hilo ni kweli. Ngoma haiwezi kufanya kazi ya mahakama. Lakini iliwapa watu mahali pa kusimama pamoja. Tarehe 14 Juni 2017 jengo refu la Grenfell, lililo karibu na hapo, liliteketea na watu 72 wakafa. Siku hizi muziki wote wa kanivali huzimwa saa tisa alasiri kwa sekunde 72. Umati wote ule unanyamaza kimya, kwa ajili ya majirani.

Na sisi je?

Mitaa yetu ya mijini imejaa makabila na dini za kila aina. Mimi nilikuwa sijazaliwa mwanzoni mwa 2008, lakini wazazi wetu wametusimulia jinsi barabara za mitaa mingi zilivyozibwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, na jirani akaulizwa jina lake la pili kabla ya kupita. Barabara inaweza kuzibwa ili jirani asipite. Inaweza pia kuzibwa ili magari yasipite na jirani apate kucheza.

Chama chetu huandaa hafla ya mashairi na ngoma kila mwaka, lakini huwa ukumbini, na mwenye kadi ndiye aingiaye. Watoto wa mtaa wa nyuma ya shule hutuchungulia kupitia ua. Napendekeza kwamba hafla ijayo tuwaombe walimu wetu na chifu watuachie kipande cha barabara iliyo mbele ya lango kwa alasiri moja tu. Wauza mahindi na wauza viatu watakuwapo, akina mama watatoka na watoto wao, na kila mwenye wimbo wa kwao atauimba. Tutahitaji kuchanga pesa za spika, na lazima tukubali kufagia baadaye. Kiingilio kisiwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.