Mchuuzi wa Omena na Mkataba wa Hanoi

Mchuuzi wa omena (dagaa) pale Dunga, Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, hulipwa kwa M-Pesa, na simu ndiyo duka na benki yake. Hata hivyo, takwimu za GSMA, chama cha kampuni za simu, za mwaka 2023 zilionyesha kuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, wanawake walikuwa nyuma ya wanaume kwa takriban asilimia 32 katika kutumia intaneti ya simu. Bei ya simu ni sababu kubwa, lakini hofu ya kutapeliwa nayo ipo: namba ya siri ikiponyoka, mtaji umekwenda. Kwa hiyo usalama ni sehemu ya kumfikishia mwanamke mtandao, si pambo la baadaye.

Wapo watakaosema tuanze na minara ya simu. Katika kisiwa cha Mfangano, ziwani humo, hoja hiyo ina uzito, ila aliyeibiwa huenda akarudi kwenye noti, mnara uwepo au usiwepo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sheria za mtandao hugeuzwa rungu la kuwanyamazisha wakosoaji; mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda vifungu 26 vya sheria mpya ya uhalifu wa mtandao kwa malalamiko ya aina hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliofunguliwa kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025, umeamsha hofu iyo hiyo. Lakini Ziwa Victoria lina nchi tatu, na tapeli haombi pasipoti. Kwa hiyo polisi wa Kisumu, Kenya, na Mwanza, Tanzania, wabadilishane ushahidi upesi, kwa idhini ya mahakama. Bunge lolote linaloupitia mkataba huo lidai kwanza sharti hilo la idhini ya mahakama.