Je, Wajua? Mvua ya Paka na Mbwa

Mvua ikipamba moto, Waingereza husema inanyesha paka na mbwa. Naam, paka na mbwa! Mwandishi Jonathan Swift aliutia usemi huo kitabuni mwaka 1738, na bado unatumika.

Uvushe mpaka tu, wanyama hao hutoweka. Mfaransa husema zinanyesha kamba. Mjerumani husema nyuzi. Mholanzi huona mirija ya kiko. Mgiriki huona miguu ya viti, naye Mcheki huona matoroli. Nchini Denmark hunyesha wavulana wanaojifunza ushonaji viatu. Hebu fikiria kijiji kizima kikinyeshewa na mafundi chipukizi!

Lakini Wales imewapita wote. Katika Kiwelisi, mvua kubwa ni vikongwe wa kike wakianguka pamoja na fimbo zao. Picha hiyo ni ya ajabu na ya kupendeza mno, nayo imezaliwa bega kwa bega na Kiingereza, katika kisiwa kilekile.

Mfasiri mzuri basi haokoti paka wala vikongwe. Hutazama maana, kisha huandika: mvua kubwa, au mvua ya gharika.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Tunasema mvua ya mawe. Ukiipeleka kwa Kiingereza neno kwa neno, msomaji atadhani kokoto zimeporomoka kutoka angani. Kumbe mawe hayo ni vipande vya barafu, na huanguka kwelikweli, hata hapa karibu na ikweta.