Mchezaji Asiyezaliwa Kila Mwaka

Kila msimu wa kandanda hatukosi kuambiwa kwamba mahali fulani amezuka chipukizi ambaye mfano wake haujapata kuonekana. Sifa hizo hutolewa upesi na husahauliwa upesi. Basi yafaa tujiulize: mchezaji ambaye kizazi kizima humpata mmoja tu hutambulikana kwa alama gani?

Twamchukua kuwa kipimo Edson Arantes do Nascimento wa Brazil, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Pelé na kufariki mwaka 2022. Askari na polisi wana sababu ya kumkumbuka, kwani mwaka 1959, hali akiwa tayari bingwa wa dunia, alivaa sare akatumikia jeshi la nchi yake na kuichezea timu ya jeshi.

Alama ya kwanza si mbio wala nguvu. Wenye mbio ni wengi. Ni jicho. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1958 dhidi ya Sweden, kijana huyo wa miaka 17 aliupokea mpira kwa kifua katikati ya mabeki, akaupitisha juu ya kichwa cha mmoja wao, kisha akaupiga wavuni. Alikwisha kuiona njia kabla ya wengine kujua kwamba ipo.

Alama ya pili ni malezi. Baba yake, Dondinho, mwanasoka aliyerudishwa nyuma na jeraha la goti, ndiye aliyemfundisha. Huko Bauru, katika umaskini, mpira wao ulikuwa soksi iliyojazwa karatasi. Baadaye Waldemar de Brito, aliyecheza Kombe la Dunia la 1934, alimnoa, na mwaka 1956 akampeleka klabu ya Santos akiwa na miaka 15.

Hata hivyo, nusura kipaji hicho kiachwe nyumbani. Kabla ya safari ya Sweden, mtaalamu wa saikolojia wa timu aliwapima wachezaji akashauri kwamba Pelé bado ana utoto na hana moyo wa mapambano. Juu ya hayo, goti lilikuwa likimwuma. Mwalimu Vicente Feola alimchukua vivyo hivyo. Alikosa mechi mbili za mwanzo. Kisha akafunga bao moja dhidi ya Wales, matatu dhidi ya Ufaransa na mawili katika fainali.

Alama ya mwisho ni kudumu. Mwaka 1962 aliumia katika mechi ya pili. Mwaka 1966 alichezewa rafu hata akashindwa kuendelea vema. Lakini mwaka 1970 alirejea, akafunga bao la kwanza katika fainali dhidi ya Italia, na mwishoni akamwandalia Carlos Alberto bao la nne. Brazil ilishinda 4-1. Bingwa wa kweli huwainua na wenziwe.

Nyota njema huonekana asubuhi, lakini sharti awepo mtu aliyeamka kuitazama. Walimu wa michezo makambini wasimwache kuruta kwa sababu tu ni mwembamba au mpole. Wampe uwanja, wamfundishe, wamvumilie. Naye chipukizi ajue kwamba sifa za leo si cheo: cheo hupatikana kwa mazoezi ya kesho.