‘Kustoli’ angani si injini kuzima

Juzi Kitengela, ndege ya rimoti ya mjukuu wangu ilipanda ikiwa imeinua pua mno, ikayumba. Mwenzake akapaza sauti: “Imestoli!” Mjukuu, ambaye matatu zimemstolia mara ngapi sijui, akadhani injini imezima. Akavuta kijiti kuinua pua zaidi. Puu!

Rafadha ilikuwa bado inazunguka. Kilichoshindwa ni bawa: likiinuliwa kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni mwake, na nguvu inayoibeba ndege hupungua ghafla. Ningeiita hali hiyo “kubandukwa”, ila neno refu halifai kupigiwa kelele uwanjani. Heri kumwambia mwanagenzi, “Shusha pua!” Ndege ikishapata mbio, ndipo ainyanyue, polepole.