Programu za kusanifu machapisho ya biashara

Programu za kusanifu machapisho ya biashara ni programu za kompyuta zinazotumika kupanga maandishi, picha na nembo kabla ya kuchapwa kwenye kadi za biashara, vipeperushi, ankara, lebo na mabango.

Katika mji kama Mpwapwa, makao makuu ya wilaya mojawapo ya Mkoa wa Dodoma, nchini Tanzania, uchaguzi wa programu una uzito wake. Dodoma mjini, penye wachapaji wakubwa zaidi, ni umbali wa zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Faili lililotumwa huko likiwa na kasoro huweza kumgharimu mteja nauli, muda na karatasi zilizokwisha kuchapwa.

Historia

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani ilitoa PageMaker, iliyomwezesha mtu mmoja kupanga ukurasa mzima kwa kompyuta. CorelDRAW ilitolewa na kampuni ya Corel ya Kanada mwaka 1989, na Adobe InDesign ilifuata mwaka 1999. Programu huria Inkscape ilianza mwaka 2003. Canva, inayofanya kazi kwa njia ya intaneti, ilianzishwa Australia mwaka 2013.

Aina

Programu za vekta, kama CorelDRAW, Adobe Illustrator na Inkscape, huchora kwa mistari inayoweza kukuzwa bila kupoteza ubora. Kwa hiyo zinafaa kwa nembo, ambayo huonekana kwenye kadi ndogo na pia kwenye bango.

Programu za kupanga kurasa, kama InDesign na Scribus, zinafaa kwa vijitabu na machapisho yenye kurasa nyingi.

Programu za kuhariri picha, kama Photoshop na GIMP, hutumia nukta. Picha ikikuzwa kupita kiasi hupoteza ukali wake.

Mambo ya kuzingatia

Rangi: kioo cha kompyuta huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, lakini mashine ya uchapaji hutumia wino wa siani, majenta, njano na nyeusi. Buluu inayong'aa kwenye kioo huweza kufifia kwenye karatasi. Scribus hukubali rangi za wino moja kwa moja.

Ukubwa wa picha: kipimo cha kawaida ni nukta 300 kwa inchi. Picha inayojaza kadi yenye upana wa milimita 90 inahitaji takriban nukta 1,063 kwa upana. Rangi ya pembeni huongezwa milimita 3 kila upande ili kukata kusiache ukingo mweupe.

Faili: mchapaji asiye na programu ileile huweza kufungua PDF yenye fonti ndani yake. Bila fonti hizo, herufi huweza kubadilika na mistari kuhama.

Gharama na leseni: tangu mwaka 2013 Adobe huuza programu zake nyingi mpya kwa malipo ya mwezi au mwaka. Scribus, Inkscape na GIMP hazina ada, na zikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti. Canva kwa kiasi kikubwa hutegemea intaneti. Nakala za wizi hukiuka hakimiliki na huweza kubeba virusi.

Uhakiki

Hakuna programu inayojua kama namba ya simu au ya mlipakodi imeandikwa sawasawa. Kwa sababu hiyo nakala moja ya majaribio huchapwa na kusomwa na mteja mwenyewe kabla ya nakala zote kuchapwa.